Mara Tatu kwa Kitambaa, Mara Moja kwa Kidole

Kuna kitu, ukikifuta kwa kitambaa kinang'aa, ukikifuta kwa kidole kinasahau babu zako wote mpaka yule wa kwanza. Usihangaike kutoa mji. Jibu lake lilikaa miaka kumi na moja juu ya meza ya Mama Chapa, kati ya mashine ya kutolea nakala na kopo la kalamu, likinguruma kama paka aliyeshiba.

Mama Chapa hakuzaliwa na jina hilo. Kazi ndiyo iliyombatiza. Alianza kuchapa enzi za taipureta yenye utepe mweusi na mwekundu, akahamia kwenye kompyuta bila kubadilisha kiti. Duka lake lilikuwa chumba kimoja kilichobanwa na duka la dawa upande huu na kinyozi upande ule, na mlangoni bango lilisema: TUNACHAPA, TUNATOA NAKALA, TUNAPIGA LAMINESHENI. Huo wingi ulikuwa wa heshima tu. Ndani alikuwa peke yake.

Barua za watu zilikuwa nyingi mle kwenye mashine, lakini mali kubwa ilikuwa moja: Kitabu cha Ukoo. Mwenye kitabu alikuwa wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, mkunga mstaafu aliyezalisha nusu ya ukoo na kuikemea nusu iliyobaki. Miaka minne, kila Jumanne, Wifi alikuja na daftari lake, akaketi kwenye kiti cha wateja, akasoma majina kwa sauti ya kuita wagonjwa, na Mama Chapa akachapa. Kila ukurasa ulipokwisha kuchapwa, Wifi aliuchana kutoka kwenye daftari na kuutupa. "Si uko ndani ya mashine?" alisema. Vizazi saba, watu mia nne na kumi na wawili, na kitabu kilikuwa kisomwe Jumamosi hiyo mbele ya mkutano wa ukoo.

Kulikuwa na sheria moja tu ya uandishi. Wanaukoo waliandikwa majina kamili. Wanawake walioolewa humo waliandikwa hivi: (mkewe).

"Hawa wameingia kwa mlango," Wifi alieleza siku ya kwanza. "Hawakuingia kwa damu. Weka mabano."

Mama Chapa aliweka. Alichapa (mkewe) mara tisini na nne. Siku walipofika mstari wa kaka yake Wifi, fundi saa, vidole vyake vilisimama.

"Wifi, huyu ni mimi."

"Najua. Weka mabano."

Akaweka.

Sasa, wiki ile ya mkutano, kompyuta ikaanza kuugua. Ilichukua robo saa kuamka, ikiamka inaandika kwamba mfumo wake umezeeka na hautahudumiwa tena. Ukifungua barua moja inaganda, ukiifunga inaganda. Mama Chapa alimpigia shemeji yake, mume wa mdogo wake, mtunza stoo wa chuo kimoja, ambaye watu walimwita Bwana Bure kwa sababu hakuwahi kununua kitu kilichoweza kupatikana kwa kuomba.

"Dawa ipo, shemeji," alisema Bwana Bure. "Inaitwa Linux. Mfumo mzima, mpya, mwepesi, na bei yake haipo. Bure! Unashusha tu picha ya diski kutoka kwenye mtandao."

"Picha? Nikiitazama hiyo picha, mashine itapona?"

"Siyo ya kutazama. Ni picha ya diski nzima, kila kitu kilichomo ndani yake, imefungwa kuwa faili moja. Niachie mimi."

Jumatatu akaja na diski ndani ya bahasha. Wakaiweka, wakawasha, wakangoja. Mashine ikaamka na ugonjwa wake ule ule, kana kwamba hakuna mgeni aliyeingia. Bwana Bure alikuna kichwa, akaisoma karatasi yake ya maelekezo, akacheka kwa aibu. Alikuwa amelichukua lile faili akalitia ndani ya diski kama lilivyo, sawasawa na mtu aliyepewa mbegu apande, naye akaufukia mfuko mzima na kamba yake.

"Kumbe picha haiwekwi," alisema. "Inachomwa."

"Unaichoma picha?"

"Tunaichoma, shemeji. Kesho asubuhi nitakuletea iliyochomwa vizuri."

Wifi alikuwa anapita kwenda duka la dawa, akalisikia hilo neno, akaingiza kichwa mlangoni. "Mnachoma picha ya nani?"

"Ya diski, wifi."

"Haya. Maana mtu akichomewa picha, huwa hatakiwi mema." Akaenda zake, lakini alitembea polepole.

Maneno ya mashine ndivyo yalivyo. Waliolitafsiri lile dude hawakwenda mbali. Waliingia jikoni na sebuleni wakaokota yaliyokuwa karibu: kuchoma, kufuta, kufungua, kuhifadhi. Yakifika mezani kwa mtu aliyeyazoea kwa kazi nyingine, basi.

"Halafu shemeji," Bwana Bure aliuliza akiwa tayari mlangoni, "mambo yako umeyahifadhi?"

"Mimi? Nahifadhi kila siku! Kila nikimaliza ukurasa nabonyeza pale pa kuhifadhi."

"Basi vizuri," akasema Bwana Bure, bila kuuliza amehifadhi wapi, na huo ukawa mwisho wa tahadhari.

Jumanne diski ya pili ikaja. Hii ilikuwa imechomwa kweli. Bwana Bure aliikabidhi, akasema stoo inamsubiri, likitokea lolote apigiwe simu. Wifi naye alikuwa amekwishafika, maana Jumanne ni yake, na kulikuwa na masahihisho mawili ya mwisho. Alikataa kuondoka. Aliketi kwenye kiti cha wateja, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri uchungu ukolee.

Mashine ilianza kuamka kwa namna mpya, mistari myeupe ikishuka juu ya weusi. Kisha ikasimama. Diski haisomeki, ilisema.

Simu. "Ina vumbi hiyo," alisema Bwana Bure kutoka stoo. "Futa diski, shemeji, urudie."

Mama Chapa akaitoa diski, akachukua kitambaa cha miwani.

"Usizungushe," Wifi akasema. "Toka katikati uende nje. Hata mtoto hafutwi kwa kuzungusha."

Akafuta katikati kwenda nje. Mashine ikaenda mbele kidogo, ikasimama tena. Simu. "Futa tena." Akafuta. Ikaenda mbele zaidi, ikasimama. Hakupiga simu tena, alishalijua somo. Akafuta mara ya tatu, akaipulizia pumzi, akaifuta ule unyevu, akairudisha. Safari hii mistari ilishuka mpaka chini, kioo kikawa cha bluu tulivu, na orodha ndefu ya lugha ikatokea. Katikati yake, bila hata kuombwa, palikuwa pameandikwa Kiswahili.

Mama Chapa alikuwa mtu wa darasa la saba. Miaka kumi na moja alikuwa akibonyeza maneno ya kigeni kwa kukariri mahali yalipo, kama kipofu anayejua vikombe vyake. Alipolibonyeza hilo neno na kuona mashine inamwambia "Karibu" alijisikia kama mtu aliyeishi na mpangaji bubu, halafu asubuhi moja mpangaji akamwamkia. Akaanza kusoma kila kitu kwa sauti.

"Chagua mahali ulipo. Chagua kibodi. Hujaunganishwa na wifi..."

Kiti cha wateja kililia.

"Imesemaje?"

"Ah, siyo wewe, wifi. Ni wifi nyingine."

"Nyingine? Kaka yangu ana dada wangapi?"

"Ni mtandao wa hewani, jina lake ndilo hilo. Wengine husema waifai."

Wifi alivaa miwani yake, akainuka, akasogea. Kwenye kioo palikuwa na vitufe viwili. Kimoja kilisema Unganisha. Cha pili kilisema Endelea bila Wi-Fi. Duka lile lilitumia waya, na waya ulikuwa umekatika tangu wiki iliyopita, kwa hiyo hapakuwa na la kuchagua. Mama Chapa akabonyeza cha pili. Alihisi pumzi ya mkunga kwenye sikio lake.

"Naona," alisema Wifi, akarudi kuketi. "Hata mashine."

Ukurasa uliofuata ulikuwa mfupi. Futa diski na usakinishe mfumo.

"Tena?" Mama Chapa akashangaa. "Si tumefuta sasa hivi?"

"Imekwambia ufute, futa. Uchafu ni uchafu. Sisi kazini tulikuwa tunafuta kabla na tunafuta baada."

Mama Chapa akabonyeza kitufe cha kutolea diski. Kisahani kikakataa kutoka, kama mtoto aliyefumba meno asipewe dawa. Akakibonyeza tena. Wapi!

"Mara tatu zinatosha," Wifi akaamua, huku akitazama saa. "Iambie ndiyo, tuendelee. Mimi nina masahihisho yangu."

Mashine ikauliza: Je, una uhakika? Mama Chapa alitazama kitambaa mkononi mwake. Ni nani basi angekuwa na uhakika kumshinda yeye? Akabonyeza Ndiyo, kwa dhamiri nyeupe kama maziwa.

Kamstari ka kijani kakaanza kujaa. Wakanywa chai. Kalipofika mwisho mashine ikazima, ikawaka tena ndani ya sekunde chache, na kioo kikafunguka kipya kabisa, hakina vijipicha vilivyorundikana, hakina onyo, hakina uzee.

"Safi kama sakafu ya wodi," Wifi akasema. Katika miaka minne, hiyo ilikuwa sifa yake ya kwanza kwa duka lile. "Haya, fungua kitabu."

Mama Chapa akatafuta kitabu. Akatafuta kwenye Nyaraka, akatafuta kwenye Picha, akatafuta hata kwenye Muziki. Vyumba vyote vilikuwa wazi, vimefagiliwa, na ndani hamkuwa na mtu.

Simu. Bwana Bure alisikiliza mpaka mwisho.

"Shemeji. Ulibonyeza futa diski?"

"Si ulisema nifute diski!"

"Nilisema ufute diski, sikusema ufute diski! Ile ndogo ya kung'aa, kwa kitambaa. Hii nyingine ni ile ya ndani, inayoweka kila kitu!"

"Sasa kila kitu kiko wapi?"

"Kimefutwa," alisema Bwana Bure, na hapo neno likawa na maana moja tu.

Wifi alikuwa amesikia. Alisimama, akaupachika mkoba begani.

"Nilikuwa nimekaa hapa," alisema, taratibu, kama anayeandika ripoti. "Kwa macho yangu nimekuona unabonyeza endelea bila wifi. Halafu ukabonyeza futa. Ikakuuliza kama una uhakika, ukasema ndiyo."

"Wifi, jamani! Si wewe uliyeniambia..."

"Kwa sababu ya mabano. Miaka minne umeyaweka moyoni." Akafika mlangoni. "Jumamosi utasimama mbele ya ukoo ueleze ulivyoufuta. Watu mia nne na kumi na wawili!"

Mama Chapa alitaka kusema kwamba mmoja wao alikuwa yeye, lakini Wifi alikuwa amekwishavuka kizingiti.

Nyumbani, mumewe, fundi saa, alisikiliza kisa chote akiwa na kioo chake cha kukuzia jichoni. "Dada ni dada, mke ni mke," alisema mwishowe, "na mimi ni mtu wa saa." Akainamia saa yake. Thelathini na mmoja ni miaka mingi ya kuishi na mtu. Mama Chapa hakutegemea zaidi ya hapo.

Jumatano asubuhi akaibeba mashine mpaka kwa fundi wa kompyuta. Huyu aliifungua, akaitazama, akaifunga kwa upole wa daktari.

"Mama, kwenye kiwanja chako pamejengwa ghorofa. Naweza kuchimba, lakini nitakutolea matofali. Watu sikuahidi."

Akarudi dukani, akaketi. Alichokuwa nacho ni kioo kipya, vidole vikongwe na siku tatu. Akajaribu kukumbuka. Kizazi cha mwisho, watoto, alikijua. Cha kabla yake, nusu nusu. Akiandika jina anasita: huyu alimtangulia yule, au yule alimtangulia huyu? Akawapigia simu wanaume wa ukoo. Wa kwanza akasema, "Muulize wifi yako." Wa pili akasema, "Hayo anayajua dada." Wa tatu aliulizwa ana watoto wangapi, akasema subiri, akamwita mkewe.

Mke akaichukua simu. Na mke hakusita hata kidogo.

"Wa kwanza alizaliwa mwaka ule barabara ilipokatika, wa pili miezi kumi na minne baadaye, tena kwa taabu. Mkwe wangu, baba wa mume wangu, kwao walizaliwa saba, wawili hawakukaa. Mkubwa ndiye yule aliyegombana na ndugu zake kwa ajili ya baiskeli. Andika, mwenzangu, unaandika?"

Mama Chapa alikuwa anaandika mpaka kibodi inatoa joto. Kumbe ndivyo ilivyo: aliyezaliwa ndani ya nyumba hahesabu milango yake, anayeihesabu ni yule aliyeingia akiwa bibi arusi, akaambiwa huyu mwamkie, yule mpigie goti, na fulani usimtaje mbele ya fulani. Wanawake wa mabano walikuwa wameukariri ukoo mzima kwa woga, na woga ni mwalimu asiyesahauliwa. Jumatano na Alhamisi simu haikupoa. Mmoja alimpasia mwingine. Kila mmoja alianza kwa kutaja jina lake mwenyewe, kwa sababu Mama Chapa aliuliza, "Na wewe unaitwa nani hasa?" na ilikuwa mara ya kwanza kuulizwa hivyo na mtu asiyekuwa karani wa serikali. Mmoja alilitaja lake mara mbili, mara ya pili polepole, kama anayejaribu kiatu.

Shida ilikuja upande mwingine.

"Na mumeo jina lake kamili?"

"Mimi humwita Baba Watoto."

"La kwenye cheti."

"Cheti kiko kwenye sanduku, sanduku liko juu ya kabati, na yeye amelala. Ruka, nitakupigia."

Wengine hawakupiga. Ikawa pale palipokosa jina, vidole vya Mama Chapa, kwa mazoea yao ya miaka minne na bila hata chembe ya ubaya, viliandika: (mumewe).

Ijumaa asubuhi alikuwa na vizazi vinne vilivyosimama. Vile vitatu vya mwanzo havikuwepo. Hao walijulikana na wazee waliokwisha kufa, na wazee hao walimsimulia mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa hapokei simu. Kitabu kilikuwa kama samaki aliyekatwa kichwa: nyama ipo, lakini hujui alitazama wapi. Mama Chapa alijua akikipeleka hivyo kesho, ukoo utamwambia mizizi ndiyo hasa aliyoitaka kuing'oa.

Saa nne mlango ukafunguliwa kwa kishindo.

"Nani kasema nimezaliwa mwaka wa nzige?"

Alikuwa Wifi, jasho usoni, mkoba umegeuka mgongoni.

"Karibu, wifi. Shikamoo."

"Marahaba, lakini sijaja kwa shikamoo. Nasikia mnaandika kitabu kwa simu, na nasikia kuna mtu amenizeesha miaka minne. Mwaka wa nzige nilikuwa sipo hata kwa fununu! Nionyeshe."

Mama Chapa akaukuza ukurasa, akasogeza kiti. Wifi akasoma. Alisoma mwaka wake, akausahihisha kwa kidole juu ya kioo mpaka akaacha alama. Kisha jicho likateleza chini.

"Hapa. Mimi, jina langu. Watoto wangu, sawa, sawa, sawa. Na hii ni nini? Mumewe, kwenye mabano?"

"Sikulipata jina la shemeji, wifi. Nimemwita shemeji miaka yote."

"Unaweka mabano kwa mtu mzima na ndevu zake!"

"Ulinifundisha wewe. Aliyeingia kwa mlango, mabano."

"Nilisema wake!"

"Na shemeji aliingia kwa dirisha?"

Wifi alirudisha jicho kwenye kioo. Kwa kinyozi mtu alicheka kwa jambo lake mwenyewe. Wifi akaendelea kusoma, sasa kimya, midomo ikicheza. Alipita jina moja la kike, akarudi, akalisoma tena.

"Kumbe huyu anaitwa hivi?"

"Ndivyo alivyosema."

"Nimemzalisha mara tano." Alivua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa na kitu. "Nilikuwa namwita Sukuma."

Wakakaa. Mama Chapa alimmiminia chai. Mtu akiwa kwenye uchungu wa kweli hasemeshwi, na hilo alilijua hata bila cheti cha ukunga.

"Kwa mume wangu nako wana kitabu," Wifi alisema baadaye, bila kumtazama. "Mwaka jana walikileta nikione. Kizuri, kina jalada gumu." Akaivaa miwani. "Sikujitafuta sana. Nilijua nimewekwa wapi."

Kisha akakivuta kiti mpaka miguu yake ikagusa ya meza, akaitoa ile sauti yake ya kuita wagonjwa.

"Anza ukurasa mpya. Kizazi cha kwanza. Na usiharakishe, maana safari hii daftari sina."

Wakaandika vizazi vile vitatu mpaka jua la alasiri likaingia mlangoni, na kurasa za walio hai hawakupata muda wa kuzirudia. Palipokuwa na mwanaume aliyejulikana na mke asiyejulikana, Wifi alifumba macho na kumtafuta. Wengine aliwapata. Wawili hakuwapata, akasema, "Acha nafasi. Usiweke chochote. Nafasi tupu angalau inauliza." Mwisho wakakitoa chote kwenye karatasi, nakala mbili, na Wifi akashika moja na Mama Chapa akashika moja, kila mtu akakumbatia yake.

Jumamosi mkutano ulifanyika kwenye darasa waliloazima la shule ya msingi. Watu wazima walijibana kwenye madawati ya watoto, magoti juu kama panzi. Mwenyekiti alikuwa Baba Mdogo, mtu mfupi aliyependa ajenda, na ajenda ya kwanza haikuwa kitabu.

"Kabla ya kusoma," alisema, "tumesikia kwamba kitabu cha miaka minne kilifutwa. Na tumesikia aliyekifuta. Mkwe wetu mchapaji asimame, atuambie: ulifuta kwa makusudi, ndiyo au siyo?"

Mama Chapa akasimama. Mumewe, fundi saa, aliitazama saa yake ya mkononi kwa makini, kana kwamba jibu litatoka humo. Mama Chapa akaitafuta sentensi ya kwanza. Alifuta kwa makusudi, ndiyo. Hakuna anayefuta diski mara tatu kwa bahati mbaya. Sasa utaanzia wapi kueleza?

"Baba Mdogo," sauti ikatoka dawati la mbele. "Swali hilo ni langu."

Wifi alikuwa amesimama, nakala yake chini ya kwapa.

"Nilikuwepo. Mashine ilisema futa. Yeye alisita. Mimi nikamwambia uchafu ni uchafu, iambie ndiyo. Nilikuwa na haraka na masahihisho yangu mawili. Kwa hiyo kama ni kufuta, amefuta kwa amri yangu. Na Jumanne nilimtupia yeye lawama, kwa sababu yeye alikuwa karibu." Akageuka kuutazama ukumbi, safu kwa safu. "Mwenye neno aseme."

Nusu ya waliokuwemo walipigwa kofi la kwanza la maisha yao na mkono ule ule.

"Basi nasoma," Wifi akasema.

Akasoma kwa muda mrefu. Vizazi vya mwanzo walivisikiliza kwa heshima, kama watu kanisani au msikitini. Lakini alipofika kwa walio hai, na majina ya wanawake yakaanza kutoka kamili, la kwake, la baba yake, la babu yake, kwenye madawati ya nyuma kulianza mnong'ono, kisha kucheka kwa chini chini, kisha mmoja akajibu "Nipo!" kama mwanafunzi anayeitwa kwenye daftari la mahudhurio, na baada ya hapo kila aliyetajwa akajibu.

Aliyekatiza alikuwa dereva wa lori, mtu wa kifua kipana, mtoto wa ukoo kwa baba na mama.

"Samahani, dada. Mke wangu umemsoma. Watoto wangu umewasoma wote wanne. Mimi sijajisikia."

"Umesomwa," Wifi alisema. "Nimesema, na mumewe."

"Na mumewe ndiyo mimi?"

"Kama kuna mwingine, mwambie mkeo."

Darasa likaangua kicheko, na dereva mwenyewe akacheka, maana alikuwa mtu mwema, lakini hakuketi. Alisema kosa ni kosa, lirekebishwe hapa hapa, kabla kitabu hakijatiwa jalada. Ukumbi ukakubali kwamba ana haki. Mama Chapa akainuka kutoka dawati lake, akaenda kumpa kalamu na karatasi.

"Andika kwa herufi kubwa, shemeji, nisikosee. Majina yako matatu, na chini yake ya mkeo matatu, nijue nakuingiza kwa nani. Nina wake watatu humu wenye jina la kwanza kama lake."

Dereva akaiegemeza karatasi kwenye dawati dogo. Ya kwake aliyaandika kwa mkupuo, herufi nene, akayapigia mstari. Akashuka chini, akaandika jina la kwanza la mkewe. Kalamu ikasimama. Akaigeuza, akaitazama ncha yake kama imekwisha wino. Kisha akageuka nyuma, walikoketi wanawake.

"Mama watoto," akaita, kwa sauti ndogo isiyolingana na kifua chake. "Hivi mkwe wangu, baba yako... anaitwa nani vile?"

Mkewe akakunja mikono kifuani. Safu nzima ya nyuma ikanyamaza, ili isikie atabahatisha nini.